Gereji ya Mama Mdogo

"Mama mkubwa, samahani. Taa ya kitandani niiweke upande wa dirisha au upande wa bafu?"

Mama Keki alikuwa amesimama mlangoni mwa gereji na sinia la chai. Akadhani hakusikia vizuri.

"Taa ya nini?"

"Ya kitandani. Mtu akitaka kuzima asihangaike kuinuka."

"Fundi, hii ni ofisi. Mume wangu atasahihishia mitihani humu. Kitanda cha nini?"

Fundi akaweka mwiko chini, akacheka kama mtu anayejua kwamba anataniwa.

"Haya, ofisi. Ila nikuambie ukweli, mama mkubwa, wanawake wenye moyo kama wako siku hizi wanatafutwa kwa tochi."

"Moyo gani?"

"Wa kumpokea mama mdogo, na chai juu! Kuna nyumba nilijenga chumba kama hiki, mwenye mume akanimwagia maji ya sabuni kupitia dirishani. Mimi! Kwani ni mimi niliyeoa?"

"Mama mdogo," Mama Keki akarudia polepole.

"Si anaingia Jumamosi? Mwalimu kanisisitiza rangi iwe imekauka."

Vikombe vikagongana juu ya sinia. Akaliweka juu ya mfuko wa simenti kabla halijamponyoka.

Tuelewane hapa mapema. Mama mdogo ni nani? Ni mdogo wake mama yako. Lakini pia ni mke mdogo, yule anayekuja nyuma yako na kukuta umeshapanga vyombo. Na Fundi alikuwa anamwita "mama mkubwa" tangu alipopiga nyundo ya kwanza, naye alidhani ni heshima tu.

Jambo la pili. Wanawake wa mtaa ule waliitwa kwa majina ya watoto wao wa kwanza. Yeye hakuwa na mtoto, basi watu wakamwita kwa kile alichokitoa kwenye oveni. Mama Keki. Mbele za watu alilicheka jina hilo. Akiwa peke yake halikumchekesha.

Akaitazama gereji kwa jicho jipya. Mlango wa bati wa kukunja ulikuwa umeng'olewa, pamejengwa ukuta na dirisha la chini, mtu aone nje hata akiwa amelala. Sakafu iliyokuwa imelowa oili ya gari bovu ilikuwa imechimbuliwa, ikamwagwa zege na kusawazishwa, maana zamani ilikuwa na mteremko. Juu, dari nyeupe ya kuzuia joto la bati. Na pembeni, bafu. Siku moja alimuuliza mumewe, "Ofisi ina bafu?" Mwalimu akajibu, "Itasaidia," akaendelea kula.

Mwalimu ndivyo alivyo. Maneno yake ya siku nzima unaweza kuyafungia kwenye kitambaa cha pua. Wahenga walishasema, kimya kingi kina mshindo mkuu, na Mama Keki aliona mshindo ndio huo umefika.

Akaenda jikoni, akafunga mlango, akampigia simu dada yake.

"Dada."

"Mbona sauti hiyo? Umeunguza keki ya watu?"

"Mume wangu anaoa."

"Anaoa nini? Yule? Yule anayeona aibu hata kuagiza soda?"

"Gereji ni chumba cha mke. Fundi kaniambia. Anaingia Jumamosi."

"Subiri. Usilie. Niambie humo ndani kuna nini."

"Kuna bafu. Vigae vya kukwaruza, visivyoteleza, mpaka chumbani. Vyuma vya kushikia ukutani, karibu na choo. Kizingiti wameondoa, mlango ni mpana."



"Mdogo wangu, kaa chini."

"Nimekaa."

"Huyo ana mimba."

"Dada!"

"Vyuma vya kushikia, kijana mwenye afya zake ashikie nini? Ni tumbo hilo. Na mlango mpana ni wa kupitishia kitanda cha mtoto. Wewe tulia, usimguse, usimpigie kelele. Chunguza kwanza."

Shauri la kutulia ni rahisi kwa anayelitoa. Mama Keki alimwaga vanila mezani. Hakuwa na hasira bado, alikuwa na hofu tu, hofu ya kuondolewa taratibu ndani ya nyumba yake huku akipika chai ya mafundi. Akachukua simu, akaandika:

"Fundi anauliza taa ya kitandani iwekwe wapi."

Kwenye kioo ikatokea "anaandika", ikapotea, ikatokea tena, ikapotea. Mwisho jibu likaingia:

"Nitaongea naye mwenyewe. Usijisumbue kuingia kule, kuna vumbi."

Vumbi! Kana kwamba siku zote hizo vumbi hilo halikuwa likipita chini ya mlango na kumwangukia kwenye unga.

Alasiri Mwalimu alirudi, lakini hakuingia ndani. Alisimama uani, simu sikioni, mgongo kwa nyumba. Mama Keki alikuwa nyuma ya pazia la jikoni, hapumui.

"Jumamosi nakuja kukuchukua mwenyewe," Mwalimu alikuwa anasema kwa sauti ya chini. "Hapana, hajui bado… Nitamwambia. Wewe usiwaze. Kula, pumzika, usibebe kitu kizito."

Usibebe kitu kizito! Mama Keki akasahau mashauri yote ya dada. Akatoka na aproni yake, akampita mumewe bila salamu, akaingia gereji.

"Fundi, kanywe chai nje."

"Nimeshakunywa, mama mkubwa."

"Kanywe tena."

Fundi akatoka. Mwalimu akaingia, uso umemshuka.

"Mke wangu, kuna nini?"

"Ana miezi mingapi?"

"Nani?"

"Huyo unayemwambia ale apumzike. Ana miezi mingapi?"

"Miezi ya nini?"

"Ya mimba!"

Mwalimu akatazama ukuta, akatazama dari, akamrudia mkewe.

"Mimba? Mtu ana miaka sabini na ushee!"

"Nani ana miaka sabini?"

"Mama mdogo!"

"Mama mdogo nani?"

"Mama! Mama aliyenilea. Si mdogo wake marehemu mama yangu? Kwa hiyo ni nani kama si mama mdogo?"

Mama Keki akaupanga udugu kichwani. Ni kweli. Miaka yote Mwalimu alimwita yule bibi "Mama" tu, na yeye alimhesabu kuwa mama mkwe. Hilo la udogo wa mama hata halikumpitia akilini.

"Sasa Fundi ulimwambiaje?"

"Aliniuliza chumba ni cha nani. Ningesema cha mama, angejua ni wewe, angekuja kukuuliza unataka rangi gani. Nikasema cha mama mdogo, ili… ili asije kwako."

"Na yeye akajua umeongeza mke."

"Ndiyo maana alikuwa ananipa mkono kila asubuhi."

Mama Keki akacheka. Alicheka mpaka akajishikilia kwenye chuma cha bafuni, machozi yanamtoka, na Mwalimu naye akaanza kutabasamu kwa tahadhari. Kisha kicheko kikakatika katikati.

"Ngoja. Mama yule? Yule aliyekaa sebuleni kwangu mbele ya wageni akasema nyumba isiyo na mtoto haina tofauti na gereji?"

Mwalimu akainamisha kichwa.

"Ndiye."

"Ndiye unamleta hapa?"

"Alianguka. Nyonga ilivunjika, sasa ndiyo anajifunza kutembea na gongo. Alilala sakafuni mpaka jirani akamsikia. Wanawe kila mmoja anamsukumia mwenzake. Mke wangu, mama alipokufa mimi nilikuwa sijui hata kufunga kamba za viatu. Yeye ndiye…"

"Najua alichokufanyia. Swali langu si hilo. Kwa nini hukuniambia?"

"Niliogopa utakataa."

"Na kama ningekataa?"

Hapo Mwalimu alitakiwa kudanganya kidogo, kama waume wengine wenye akili. Lakini yeye hajui.

"Ningemleta tu."

"Basi hukuogopa nitakataa," Mama Keki akasema, na sasa sauti ilikuwa imetulia kabisa, jambo lililomtisha Mwalimu kuliko kelele. "Uliogopa nijue kwamba neno langu humu ndani halina uzito. Afadhali ungeoa."

"Usiseme hivyo."

"Nasema. Mke mwenza ningegombana naye, nikashinda au nikashindwa. Huyu mzee mwenye nyonga iliyovunjika nitagombana naye vipi? Umenifunga mikono, halafu ukanifanya nimpikie chai anayenifunga."

"Nisamehe."

"Naenda kwa dada. Usinifuate."

Akaondoka kweli. Mwalimu akabaki na nyumba inayonukia rangi mbichi. Akapiga simu, haikupokelewa. Akaandika ujumbe mrefu kuliko yote aliyowahi kuandika maishani. Kesho yake jibu likaja, akalifungua haraka:

"Keki ya harusi iko kwenye friji. Wenyewe watakuja kuichukua. Usiiguse."

Hakuigusa. Alilala sebuleni karibu na simu, anaamka kila inapolia, na kila mara ni mzazi wa mwanafunzi. Je, amempoteza mke kwa ajili ya mama? Amwache mama ili mke arudi? Na mtu wa namna hiyo, anayemwacha aliyemlea akae na nyonga iliyovunjika, mke gani atamtaka? Kila upande alioshika ulimchoma.

Jumamosi akaazima gari la mwalimu mwenzake, akaenda kumchukua bibi. Akakuta mlango umefungwa kwa kufuli.

"Mama yako ameshaondoka," jirani akamwambia, anaanika nguo. "Kaja mwanamke mmoja na teksi, wamekaa ndani kitambo, mara wakatoka na begi."

"Mwanamke gani?"

"Simjui. Mnene kiasi, mweupe wa unga mpaka kwenye viwiko. Hacheki hata kidogo."

Mwalimu akatoa simu. Akampigia mkewe. Inaita tu. Akampigia bibi. Imezimwa. Njia nzima aliwaza mambo ambayo hayafai kuandikwa hapa. Kampeleka wapi? Kamwambia nini? Mzee ana presha. Na mke wake, akishafikia mahali pa kutocheka, hana breki.

Alipofika nyumbani hakuzima hata gari vizuri. Mlango wa gereji ulikuwa wazi. Akasikia sauti, akaingia.

Bibi alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, kikombe mkononi, gongo kando yake. Mama Keki alikuwa amekalia ndoo ya Fundi iliyopinduliwa. Hakuna aliyenyanyuka.

"Mama! Umefikaje?"

"Kwa teksi. Kaa chini."

Kiti hakikuwepo. Mwalimu akakaa sakafuni, kwenye vigae vyake visivyoteleza.

"Huyu kaja kwangu asubuhi," bibi akaanza. "Nilipomwona nikajua kaja kunitukana. Nikasema na atukane, ni haki yake. Akasimama mlangoni, hata shikamoo hakunipa, akaniuliza neno moja."

"Neno gani?"

"Akaniuliza, 'Mama, wewe unataka kuja?'"



"Tangu nianguke," bibi akaendelea, "wanangu wamegombana nani anichukue. Daktari kasema hivi, jirani kasema vile. Wewe umejenga chumba kizima, umepaka na rangi. Hamna hata mmoja aliyeniuliza. Nimekuwa kama kabati, linajadiliwa litapita mlango upi. Aliyeniuliza ni huyu niliyemdhalilisha mbele ya watu."

"Ukamjibuje?"

"Nikamwambia sitaki. Nitakaaje kwenye nyumba niliyoitukana kwa mdomo wangu mwenyewe? Nina uzee, sina upofu wa aibu. Nilisema neno baya, na nimemwambia hivyo kabla hatujapanda teksi."

"Nami nikamwambia sijamsamehe," Mama Keki akadakia. "Nikasema sitaki tudanganyane. Siku nikiwa tayari nitamwambia. Lakini aje akione chumba kwa macho yake. Akikipenda tuongee, akikikataa nitamrudisha mwenyewe."

"Sasa… mmeamuaje?"

"Hatujaamua. Tunakusubiri wewe."

"Mimi? Mimi nilishaamua, mke wangu, mimi nataka…"

"Hatujakuuliza unataka nini. Tunasubiri utuulize sisi." Macho ya Mama Keki yalikuwa yamejaa maji, lakini hakuyafuta. "Tangu unioe, unaniarifu. Vizuri, kwa upole, lakini unaniarifu. Leo niulize."

Huyu ni mtu anayesimama mbele ya darasa kila siku na kuuliza maswali mpaka kengele. Lakini pale jasho lilimtoka mpaka mgongoni. Aliogopa, kwa sababu sasa jibu lingeweza kuwa hapana, na hakuwa na ukuta wowote wa kujificha nyuma yake.

"Mama," akasema. "Utakubali kukaa na sisi?"

Bibi akamwonyesha kwa kidevu upande wa pili.

"Mke wangu. Utakubali Mama akae nasi? Na wewe… utakubali kurudi?"

Wanawake wale wawili wakatazamana. Bibi akanywa funda moja la chai, taratibu, kama mtu asiye na safari.

"Toka nje kidogo," Mama Keki akasema. "Tushauriane."

Mwalimu akatoka. Akasimama juani, mikono mfukoni, mara mikono kichwani. Ndani walikuwa wananong'ona na hakuweza kushika neno. Akasikia gongo likigonga sakafu. Kisha sauti ya bibi ikapanda, ya mtu asiyejali kusikiwa:

"Na huyu naye unasemaje, tumkubalie?"

"Tutamkubalia," Mama Keki akajibu. "Ila mwache kidogo huko juani, kwanza aive."