Kompyuta Iliyomkana Mama Mapazia

Asubuhi ya kwanza Mama Mapazia alidhani ni uzembe wake. Alifungua kompyuta, akaingia kwenye tovuti anakouzia mapazia yake, na badala ya kumpokea kama mwenye duka ikamwomba jina na neno la siri, kana kwamba hajawahi kukanyaga pale. Akaandika. Kesho yake ikamuuliza tena. Keshokutwa vilevile, na safari hii akaizaba kofi la ubavuni, maana kuna watu wanaoamini kila kitu husikia kofi.

Basi akaitwa fundi wa kompyuta, bwana mmoja mwenye kitambi cha kutosha ambaye mtaa mzima ulimwita Waya.

"Hizo ni kuki, shemeji," Waya alisema huku akivuta kiti. "Kila tovuti unayoingia inaacha alama ndogo humu ndani, ili ukirudi ikujue. Zako zinafutika. Mara nyingi kivinjari, hiki unachofungulia tovuti, kimeambiwa kifute kila kinapofungwa, basi."

Akatazama mipangilio, haikuwa na kosa. Akaondoa vikorombwezo vyote vilivyobandikwa kwenye kivinjari, akasahihisha saa, mwisho akakifuta kivinjari chenyewe na kukiweka upya. Wapi! Ndipo akaingia kwa akaunti yake mwenyewe, akafunga, akafungua: kompyuta ikamkaribisha. Akamwita mume wa Mama Mapazia, mwalimu, aliyekuwa akisahihisha madaftari sebuleni. Naye akaingia, akafunga, akafungua, akakaribishwa. Akaingia Mama Mapazia. Walipofungua tena, ikamuuliza yeye ni nani.

Waya alisubiri mpaka mwalimu atoke. "Shemeji," akanong'ona, "kompyuta haina tatizo na kuki. Ina tatizo na wewe."

Hapo ndipo harufu ya nywele zilizoungua ilipotoka kwenye vitufe, na Waya akakumbuka ana kazi nyingine ya haraka upande wa pili wa mji.

Mama Mapazia hakushangaa sana, na mtu asimwonee huruma mapema. Kompyuta ile ilikuwa ya marehemu, mke wa kwanza wa mwalimu. Mama Mapazia alipoolewa katika nyumba ile alivumilia kitanda cha marehemu, sufuria za marehemu, hata majirani waliokuwa wakimpima kwa macho juu hadi chini. Kilichomshinda ni kicheko. Kila jioni mwalimu alikaa mbele ya mashine ile akisikiliza sauti ya marehemu akicheka, iliyorekodiwa siku alipojaribu kuimba akashindwa. Mke mwenza aliye hai utamsema, utamnunia, mtagombana yaishe. Aliyekufa utamfanyaje? Wivu ulimkwama kooni kama mwiba wa samaki. Siku moja, mwalimu akiwa kazini, akafuta kila kitu: picha, barua, sauti. Akasema kwa kinywa chake, "Asibaki hata mmoja wa kukukumbuka!" Jioni alimdanganya mumewe kwamba kompyuta ilikuwa imejaa. Mwalimu alikwenda kunawa uso.

Sasa kufutwa kulikuwa kumemgeukia yeye. Simu yake ikakataa kidole chake. Jirani wa ukuta mmoja akamwuliza amekuja kumtembelea nani. Halafu mwalimu naye akaanza kukwama katikati ya kumwita, mdomo wazi, akitafuta jina, na mara nyingine alimimina chai kikombe kimoja, akainywa akitazama dirishani, wakati mkewe amekaa mbele yake akisikia kule chumbani vitufe vya kompyuta vikibofywa kimoja kimoja, taratibu, kama mtu anayekula njugu.

Akamtafuta mganga. Alikuwa bibi muuza vyombo vya plastiki, mkali, mwenye magoti mabovu. Alipofika aliinusa kompyuta, akapiga chafya.

"Nani alitangulia kufuta?"

Mama Mapazia akaeleza yote.

"Basi ulimwita mwenyewe. Jini huyu hula kumbukumbu, na anachokula hukivaa. Ulimwandalia sahani moja. Nani alikwambia jini hushiba?"

"Kwani si marehemu, bibi?"

"Marehemu kalala zake, mwache apumzike! Huyu anakalia wivu wako kama mkeka. Mumeo akae hapa, asimulie habari za mkewe yule mpaka amalize, nawe usikilize kwa moyo mweupe. Mkeka ukitoka, anaondoka. Ukichomwa rohoni, mimi nitajua, na yeye atajua."

"Nitasikiliza, bibi. Nataka mume wangu anijue tu."

"Haya. Kusema hakuchoshi."

Wakakaa sebuleni mchana kweupe, kompyuta mezani, bibi mlangoni. Mwalimu alianza kwa kusitasita. Alisimulia marehemu alivyounguza wali kila mara na kuusingizia mkaa, alivyomwogopa kuku. Mama Mapazia akasikiliza, hata akacheka. Harufu ikapungua. Kwenye kioo ukurasa wa duka ukafunguka wenyewe, ukamkaribisha. Mwalimu akageuka, akamshika mkono. "Mke wangu," akasema, "mbona umekonda hivi?" Machozi yakamtoka mama wa watu.

"Bado," bibi akanong'ona. "Amalize."

Mwalimu akaendelea. "Siku ya mwisho aliniambia nioe. Nikamwambia sawa, nitaoa, nyumba isiwe na giza. Lakini nikamwapia kwamba mke ni yeye, na atakayekuja atakuwa mgeni tu, nitamtunza, nitamheshimu, ila mke ni yeye."

Mama Mapazia aling'ata ulimi, akatazama sakafu, akajilazimisha kufikiria mapazia, mvua, chochote, lakini neno lile mgeni lilikuwa limeshaingia na lilikuwa likishuka ndani yake likichoma kila lilipopita, na kadiri alivyojiambia sina wivu, sina wivu, ndivyo alivyozidi kumchukia mwanamke yule aliyelala chini ya udongo, na harufu ya nywele zilizoungua ikajaa sebule, na vitufe vikaanza kubofywa mezani bila kidole, na bibi akawa anahangaika kuinuka na magoti yake akisema, "Mama, shika moyo, mama, shika moyo!"

Kompyuta ikaomba jina na neno la siri.

Mwalimu aliutoa mkono wake taratibu, kwa adabu, kama mtu aliyemshika asiyemjua kwenye foleni. Akamtazama Mama Mapazia, akatabasamu.

"Samahani, dada. Umemfuata mke wangu?"

"Baba, ni mimi," alisema. "Ni mimi mkeo."

"Yupo ndani, ngoja nimwite." Akageukia mlango wa chumbani, akaita jina la marehemu.

"Abee," sauti ikaitika kutoka ndani, ikicheka. "Nakuja."