Rangi Ambayo Modesti Hakuambiwa

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Fortunata aliwasha jiko la mkaa, akapika uji, akamwekea baba yake kwenye chupa ya chai, kisha akafagia uwanja uliojaa taka za randa. Baba yake, Clemence, alikuwa fundi seremala, na milango na vitanda alivitengenezea hapo hapo, uani na kwenye karakana nyuma ya nyumba yao, eneo la Mtanda, mjini Lindi. Zamani kazi za asubuhi zilikuwa za mama. Lakini mama Apolonia alikuwa Dar es Salaam akimuuguza Modesti, kaka yake Fortunata, aliyelazwa kwa ugonjwa wa moyo.

Fortunata alikuwa darasa la saba, na kazi hakuziogopa. Alichokikosa ni maneno ya Modesti. Kaka huyo alisoma kemia chuo kikuu, na kila alipokuja likizo alimfanya mdogo wake kuwa mwanafunzi wake. Wakikatakata mchicha, angemuuliza kwa nini ni wa kijani. Wakianua nguo, angemuuliza kwa nini jua limezipausha.

Katika mwaka wake wa mwisho wa masomo, Modesti alikuwa na kazi moja kubwa, nayo alimweleza Fortunata mpaka akaielewa. Kila kitu, alisema, kimejengwa kwa molekuli, chembe ndogo mno zisizoonekana kwa macho. Ndani ya molekuli kuna elektroni. Mwanga ukiipiga molekuli, elektroni huufyonza na kuruka ngazi ya juu. Huko haikai. Hutulia kidogo, halafu hushuka, na katika kushuka huko baadhi ya molekuli hutoa mwanga mpya. Kwa kuwa mwanga huo umeshapungua nguvu, rangi yake huwa tofauti na ya ule ulioingia.

Kazi ya Modesti ilikuwa kuunda molekuli ndani ya kompyuta kwa hesabu tupu, kisha kuitafuta rangi yake kabla mtu yeyote hajaiona. Alichagua molekuli inayoipa binzari rangi, ile binzari ya manjano ambayo mama aliitia kwenye mchuzi wa samaki. Alisema hataki kuhangaika na kitu cha mbali wakati jikoni kwao kuna cha kutosha.

Hata alipolazwa hakuiacha. Mama aliwasimulia kwa simu jinsi Modesti alivyoiweka kompyuta miguuni mwa kitanda, ikihesabu usiku na mchana, feni yake ikivuma hadi wagonjwa wenzake wakaizoea. Hesabu ilipokwisha, Modesti alimpigia baba na kuomba azungumze na mdogo wake. Chuo kilikuwa kimefungwa na hakuwa na maabara ya kupimia jibu lake. Akamwomba Fortunata afanye jaribio: achanganye binzari kidogo na spiriti ya kusafishia vidonda, aache mashapo yatuame, amimine maji yake ya juu kwenye glasi, kisha aimulike gizani kwa ile tochi ya mwanga wa zambarau ambayo wenye maduka hukagulia noti bandia.

"Kompyuta imesema itakuwa rangi gani?" Fortunata aliuliza.

"Sikwambii. Nikikwambia, macho yako yataitafuta hiyo hiyo. Wewe angalia tu, kisha uniambie ulichokiona."

Mzee Abilahi, mwenye duka la jirani, alimwazima tochi na kumruhusu aingie stoo, akamfungia mlango ili kuwe na giza. Fortunata alibonyeza tochi. Glasi ikawaka kama kitu kilicho hai. Mwanga ulioingia ulikuwa wa zambarau, lakini uliotoka humo ulikuwa wa kijani chenye umanjano, kama ndizi inayoanza kuiva. Alizima, akawasha tena, akageuza glasi huku na huku. Rangi ilikuwa ile ile. Alitoka nje akicheka peke yake.

Jioni simu ililia. Alimwamkia kaka yake, na Modesti akaitikia marahaba kwa sauti nyembamba ambayo Fortunata hakuitambua mara moja. Kila baada ya maneno machache alinyamaza ili apumue. Alisema siku mbili hizo hazikuwa nzuri. Kisha akasahau sharti lake mwenyewe.

"Niambie ni samawati, Fortu. Kompyuta imesema samawati. Niambie nimepatia."

Fortunata alishika simu kwa mikono yote miwili. Ile rangi ya kijani bado ilikuwa machoni mwake. Lakini alisikia pia pumzi za kaka yake zikikwaruza, akaona hawezi kumwongezea jambo jingine baya.

"Ni samawati, kaka. Samawati kabisa."

Modesti alicheka. Ulikuwa muda mrefu tangu wamsikie akicheka. Upande wa pili wa simu Fortunata alimsikia akimwambia mama, kisha akimwambia muuguzi, kwamba amepatia. Mama alipochukua simu alimshukuru Fortunata huku akilia kwa furaha.

Usiku ule Fortunata alijiambia kwamba atamwambia ukweli akipata nafuu. Simu iliyofuata, mama alisema Modesti amechoka. Iliyofuata, amelala. Na ile iliyofuata baba aliipokea akiwa ameshika randa. Aliiweka randa chini taratibu, akakaa juu ya mbao, na Fortunata akajua.

Walimzika Lindi. Baada ya padri kumaliza sala, baba aliomba kuwashukuru waombolezaji. Alisema hana mengi ya kujivunia duniani, lakini mwanawe, akiwa hoi kitandani, alitabiri rangi ambayo hakuna mtu aliyeiona, na mdogo wake akaishuhudia kwa macho yake huku nyumbani. Watu waliguna kwa huzuni na heshima. Fortunata aliinamisha kichwa. Wanawake waliokuwa karibu naye walimkumbatia wakidhani analia kwa msiba tu.

Tangu siku hiyo hakula vizuri. Shuleni aliketi na Jenipher, rafiki yake, bila kuzungumza. Kila mgeni aliyekuja kuwapa pole, baba alimsimulia habari ya rangi, na kila mara aliisimulia kwa uhakika zaidi.

Siku ya arobaini alikuja mgeni kutoka Dar es Salaam, mama wa makamo aliyevaa baibui na miwani. Alijitambulisha kuwa Daktari Nusaiba, mwalimu aliyemsimamia Modesti chuoni. Baada ya misa na chakula, wageni wengine walipoondoka, aliomba kukaa na familia. Aliwaeleza kwamba idara ilipanga kuisoma kazi ya Modesti mbele ya walimu na wanafunzi, kwa kumkumbuka. Ujumbe wa mwisho aliotumiwa na Modesti, wa kumweleza jaribio la binzari, ulimkuta safarini, na alipousoma kijana alikuwa ameshafariki.

"Sitaki kuisoma kabla sijamsikia aliyeona," alisema, akamgeukia Fortunata. "Mwanangu, nieleze ulivyofanya na ulichokiona."

Baba alimtazama Fortunata kwa macho ya fahari. Ilikuwa rahisi kurudia neno moja tu.

"Shikamoo mwalimu," alisema, ingawa alikuwa ameshamwamkia. Kisha akasema, "Haikuwa samawati. Ilikuwa kijani, kijani cha kuelekea manjano. Kaka alikuwa anapumua kwa shida. Nikamdanganya."

Baba aliinuka, akatoka nje, wakasikia mlango wa karakana ukifungwa. Mama alibaki pale pale, mikono mapajani.

Daktari Nusaiba alivua miwani, akaifuta. Alisema kwamba alikuwa na shaka, kwa sababu binzari kwenye spiriti haiwaki samawati. Kosa la Modesti, alieleza, halikuwa la aibu. Ili kompyuta ndogo ile iiweze hesabu, aliiunda molekuli ikiwa peke yake, bila kitu chochote kuizunguka. Kwenye glasi haiko peke yake. Imezungukwa na molekuli za spiriti zinazoivuta huku na huku, na mvuto huo hubadilisha nguvu ya mwanga inaoutoa. Kila mwanafunzi wa fani ile hukutana na tofauti kati ya hesabu na glasi, na hapo ndipo anapoanza kufikiri kweli.

"Hilo ndilo swali nililokuwa namsubiri alifikie mwenyewe," alisema.

Fortunata alimtazama. "Ningemwambia kijani, angelipata jibu?"

Mwalimu alirudisha miwani machoni. Angeweza kumwambia hapana, na mtoto angelala usingizi.

"Nadhani angelipata," alisema. "Alikuwa karibu sana. Na alikuwa bado na siku."

Hapo ndipo Fortunata alipolia kilio ambacho hakukilia makaburini. Alidhani alimpa kaka yake zawadi. Kumbe alimpokonya kazi yake ya mwisho, kazi aliyoipenda, ambayo angeifanya kwa siku zile chache zilizobaki. Na hakukuwa na namna ya kumrudishia.

Daktari Nusaiba hakumkataza kulia. Aliketi naye mpaka alipotulia. Kesho yake walirudia jaribio pamoja, na rangi ikawa ile ile ya kijani. Mwalimu aliichukua kompyuta ya Modesti akaenda nayo chuoni. Baada ya muda alipiga simu. Walikuwa wameirudia hesabu ya Modesti, safari hii wakiizungushia molekuli ile spiriti, na kompyuta ikatoa kijani. Kazi ilisomwa mbele ya watu kama ilivyokuwa: Modesti alipokosea, kwa nini alikosea, na nani aliyeiona rangi ya kweli. Wanafunzi wenzake, alisema, walisimama kwa heshima.

Baba alikaa siku nyingi bila kuzungumza na Fortunata isipokuwa kumwomba maji au chumvi. Kisha jumuiya yao ya kanisa ilipokusanyika nyumbani kwao kusali, alisimama. Aliwaambia kwamba maneno aliyoyasema makaburini hayakuwa sahihi, kwamba hesabu ya mwanawe ilikuwa na upungufu, na kwamba binti yake ndiye aliyesema ukweli mwishoni, ingawa kwa kuchelewa. Alipokaa, aliweka mkono wake begani kwa Fortunata na hakuuondoa mpaka sala ilipokwisha.

Baada ya watu kuondoka, Fortunata na mama walikaa uani wakipepeta mchele na kuchambua mawe. Fortunata alisema anajichukia. Mama aliuweka ungo chini.

"Usijichukie peke yako," alisema. "Na mimi nilimdanganya. Daktari wa hospitali aliniambia muda umebaki mchache. Modesti akaniuliza, nikamwambia atapona. Alinitazama tu. Nadhani alijua, akanihurumia. Siku zile tungezungumza mengi, mwanangu. Badala yake tulizungumza habari za chakula na joto la Dar es Salaam."

Alijifuta macho kwa ncha ya khanga, kisha akaendelea.

"Tulimpenda, ila tulimwacha peke yake na mambo yake. Kwa hiyo shika hili, ulishike maisha yako yote. Anayeumwa hajapungua utu wake. Usimfiche mtu ukweli kwa kuwa unamwona dhaifu. Mwambie kwa upole, kisha usiondoke, kaa naye. Uongo wa huruma unamtuliza anayeusema kuliko anayeambiwa."

Fortunata alikubali kwa kichwa. Mama akauinua tena ungo.

"Mama, huzuni hii itaisha?"

Mama alifungua mdomo, na Fortunata akaliona jibu la kumbembeleza likija. Lakini mama aliuzuia ulimi.

"Sijui, mwanangu," alisema. "Kwa kweli sijui."

Kisha akasogea karibu zaidi, bega kwa bega na bintiye, wakaendelea kuchambua mawe kwenye mchele.