Fundi Aliyeingia Peke Yake

Kengele ilianza kulia ndani ya kabati saa nne asubuhi, na betri zake zilikuwa mezani.

Ni kile kidude ambacho mafundi hukibana kifuani, hulia mionzi inapozidi. Gwak Tae-sik alikifunga katika taulo, akajifanya hakusikia. Katika kinu kile cha nyuklia, pwani ya Korea, yeye ndiye aliyeamua kazi ipi iwe na mlinzi wa mionzi, mtu wa kusimama na fundi, kipimo mkononi, na ipi fundi aingie peke yake.

Miaka minne nyuma, wakati wa matengenezo, walinzi walikuwa wachache na kazi zimerundikana. Kibarua Pyo Dal-su alitumwa kubadilisha mpira wa vali. Gwak akaandika: hana haja ya mlinzi. Pyo akapiga magoti kando ya bomba ambalo hakuna aliyekuwa amelipima mionzi. Mwaka jana saratani ya damu ilimuua. Ripoti ya siku ile ya vali ilisema alikosea njia, akaingia kusikoruhusiwa. Aliyeiandika ni Gwak.

“Mkuu,” msaidizi wake, Ban Ok-hui, alinong’ona mchana, “hiyo harufu unaisikia?”

“Harufu gani?”

“Jasho la mtu aliyeshinda ndani ya suti ya kinga. Na kuna mtu anapumua chini ya meza yako.”

“Acha utoto.”

Lakini naye alikuwa akiisikia pumzi ile siku ya tatu sasa. Akainama, na chini ya meza akaona magoti mawili ya suti nyeupe yamepigwa sakafuni, kwa utulivu wa mtu anayemalizia kazi yake, na pumzi ikapanda na kushuka ndani ya barakoa, na kengele ikalia tena ndani ya taulo, ya Ok-hui ikaitika, kisha zote zilizoning’inia ukutani zikapokea, hata Gwak akajikuta koridoni, hajui ametokaje.

Jumamosi Ok-hui alimpeleka kwa Bibi Cheon, mganga wa majini.

“Ofisini kwako siji,” mganga alisema. “Tutakwenda kwa mjane wa huyo marehemu.”

Mjane wa Pyo, Seol Bun-im, alitandaza mkeka, akapanga wali na pombe ya mchele mbele ya picha ya mumewe. Ngoma ikapigwa. Bibi Cheon akazunguka, akazunguka, kisha akasimama ghafla, na sauti iliyomtoka ilikuwa ya kiume.

“Mkuu, mbona hukunipa mtu?”

Gwak akaweka paji la uso mkekani. Uso ulimwaka kama aliyevuliwa nguo sokoni.

“Hakukosea njia,” alisema. “Mimi ndiye niliyeandika hana haja ya mlinzi. Hata kwenda kutazama sikwenda. Kisha nikamsingizia.”

Ngoma ikanyamaza. Harufu ya jasho ikampita begani, ikaelekea nje.

“Mwanangu anachekwa shuleni,” Bun-im alisema polepole. “Baba yako mzembe, wanamwambia.”

“Nisamehe, shemeji.”

“Usiniite shemeji.”

Bibi Cheon alijifuta jasho, akaketi. “Ametoka,” akasema.

Bun-im aliinuka, akausukuma mlango ukawa wazi kabisa, akamtazama Gwak.

“Bado mmoja.”