Mguu wa Owiti

"Kanyaga!" alipaza sauti Otuoma, amelala chali chini ya pikapu.

Pedeli ikakanyagwa.

"Shikilia!"

Ikashikiliwa. Otuoma akalegeza nati ndogo nyuma ya tairi, mafuta ya breki yakapita kwenye mpira na kuingia chupani yakitoa viputo, kisha akaikaza tena.

"Achia!"

Hapo pedeli ikachelewa. Haikuchelewa sana, ila kama mtoto anayeitwa na mama yake huku mchezo haujamwisha hamu. Kisha ikapanda taratibu. Otuoma alitaka kumtania mkewe kwamba uji wa mchana umemlevya, lakini kabla hajafungua mdomo aliona miguu miwili ikiingia getini, kandambili za bluu na pindo la kitenge, na ndoo iliyojaa maji ikatuliwa chini.

"Baba Princess, nimekukawiza?" aliuliza Ajwang. "Foleni ya bombani haikuwa ya kawaida. Haya, nikae kwenye pedeli?"

Ilikuwa saa kumi jioni na jua bado liliunguza mawe ya mtaa wa Igogo. Uani hapakuwa na mtu mwingine. Kutoa upepo kwenye breki ni kazi ya wawili, mmoja chini ya gari na mmoja kwenye pedeli, na katika gereji ile mtu wa pedeli alikuwa Ajwang, isipokuwa siku zile kaka yake Owiti alipokuwa akipita kuwasalimu. Owiti alikuwa na mwaka mzima tangu amezwe na ziwa.

"Kaa," alijibu Otuoma, na sauti yake mwenyewe aliisikia kama ya mgeni.

Pikapu yenyewe ilikuwa ya Venant. Miaka hiyo biashara ilikuwa imefunguliwa, na mji ambao zamani mtu aliomba kibali kwa ajili ya tairi moja sasa ulijaa magari ya Dubai na Japani. Sangara walileta viwanda, viwanda vikaleta vijana wa miwani myeusi, na Venant alikuwa wa kwanza kwenye msafara huo, mtu ambaye hakuweza kukutajia saa bila kukunja shati uone saa yenyewe. Pikapu yake ilikuwa nyekundu, ina milia myeusi ubavuni, mabomba yanayong'aa nyuma ya kibanda na taa nne juu. Ilikimbia vizuri kuliko ilivyosimama.

"Fundi, breki za nyuma ni za ngoma, kama za trekta," alikuwa amesema. "Niwekee diski pande zote. Nikigusa tu, abiria abusu kioo."

Otuoma alijua pa kupata diski, na hapo ndipo siri yake ilipokuwa. Ng'ambo ya ziwa, mbele kidogo ya Kamanga, kulikuwa na gari la samaki lililotelemka lenyewe kwenye mteremko wa mwaloni, pale samaki wanaposhushwa, na kuingia majini, dereva wake akiwa ndani. Siku ya tatu walilivuta kwa winchi, mlango uko wazi, dereva hayupo. Dereva huyo alikuwa Owiti. Gari likaachwa vichakani. Otuoma alivuka asubuhi moja na spana zake, akafungua diski za nyuma na makalipa yake, vile vyuma vya kuzibana, akayafunga kwenye gunia. Alishangaa kidogo kwamba mwaka mzima wa mvua haukuwa umeacha juu yake hata chembe ya kutu. Akajiambia chuma hakina ukoo.

Lakini kwa watu wa Shirati, walikotoka yeye na mkewe, aliyemezwa na ziwa asipatikane huzikiwa tunda la yago, lile refu na zito, likavikwa sanda na kuliliwa kama mtu. Kabla ya hapo hakiguswi kitu alichofia. Na Owiti hakuwa amezikiwa yago, kwa sababu Ajwang alikataa. "Siziki tunda na ndugu yangu huenda yuko hai visiwani," aliwaambia wazee, wakamwacha na uchungu wake.

Kazi ikaisha jioni ile. Ajwang alipokuwa akishuka, Otuoma alimwona ameganda, mkono mmoja mlangoni.

"Baba Princess," alinong'ona. "Njoo uone."

Kwenye zulia la mpira, chini ya pedeli, palikuwa na alama ya unyayo wa maji, mguu wa kulia. Ilinuka tope la ziwa na magamba ya samaki. Ilikuwa na vidole vinne. Kidole gumba hakikuwapo, na Ajwang alikijua kilikokwenda, maana ni yeye aliyemfunga Owiti kitambaa siku jeki ilipomwangukia mguuni.

"Umezitoa wapi breki hizi?" aliuliza.

"Dukani," alisema Otuoma, na kwa aibu akaifuta alama ile kwa tambara kabla mkewe hajaitazama mara ya pili.

Kesho yake Venant aliondoka akipiga honi. Kabla ya adhuhuri alirudi, miwani hana, na nyuma yake pikapu ilikuwa ikikokotwa na lori.

"Fundi, hili gari lina mtu," alisema polepole, yeye ambaye hakuwahi kusema polepole. "Nimelijaribu barabara ya Pasiansi. Nikilipa ziwa mgongo, matairi yanashika yenyewe, sijagusa kitu. Nikiligeuza kuelekea ziwani, pedeli inazama hadi chini kama nakanyaga uji, gari linakwenda tu, linakwenda, na pembeni ya mguu wangu, fundi, nakuapia kwa mama yangu, kulikuwa na mguu mwingine, wa baridi, umelowa, nao umekanyaga pamoja na wangu, na nilipoupiga teke ili nivute breki ya mkono haukusogea, mpaka gurudumu la mbele likaingia kwenye maji na jiwe ndilo lililonizuia."

Otuoma akafungua kikopo cha mafuta ya breki. Ndani mlikuwa na maji ya kijani, na dagaa mmoja akiogelea, hai.

 Ajwang alijitanda kitenge akapanda mawe kwenda kwa Mama Ng'washi, Msukuma aliyeuza dagaa wakavu asubuhi na kuwatazamia watu kwa ramli mchana, mwanamke mkali asiyependa kupotezewa muda.

"Shikamoo, mama," Otuoma alimwamkia alipoingia uani.

"Marahaba," alijibu, macho yakiwa kwenye pikapu. Akaizunguka mara moja, akainusa, akatema mate pembeni. "Jini la ziwani halina miguu. Likitaka kutembea nchi kavu linaazima. Limeazima mguu wa huyu ndugu yenu, na mguu wenyewe haujapumzika. Unasubiri kitu. Nani alimwambia ashikilie?"

 Otuoma akaweka chini spana aliyoishika.

"Aliyemwambia ashikilie ndiye atamwambia aachie," Mama Ng'washi aliendelea. "Alale pale chini, na dada wa marehemu, damu yake, akae juu kwenye kiti. Lakini kwanza aseme yote. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Akibakiza hata neno moja, jini litamwachia huyu na kuazima kwingine, na kwingine si mbali."

Ajwang akapanda kwenye kiti, miguu ameikunja juu, mbali na pedeli. Otuoma akajilaza chini ya pikapu, na pale gizani kati ya chuma na vumbi alianza kusema, kwa sababu hakuwa na pa kukimbilia: kwamba diski alizitoa kwenye gari alilofia Owiti, kwamba siku chache kabla ya kifo chake Owiti alileta gari lile hapahapa, wakatoa upepo kwenye breki za tairi tatu, na kwenye tairi la mwisho, la mbele kulia, alimwambia Owiti shikilia, na wakati huohuo Venant akaingia getini kwa mara ya kwanza na pikapu hii mpya, nyekundu, inang'aa, yeye Otuoma akainuka kwenda kuishangaa, akaigusa, akafungua boneti, na tairi lile la mwisho akalisahau, upepo ukabaki kwenye breki.

"Nilisahau, Mama Princess," alisema, machozi yakimtiririka kuelekea masikioni. "Nilisahau tu."

 Juu, kilio cha Ajwang kikaanza, chini kwa chini.

"Sema," aliamuru Mama Ng'washi.

"Owiti," akasema Otuoma. "Shemeji yangu. Achia."

Pedeli, ambayo hakuna mtu aliyekuwa ameigusa, ikapanda. Maji ya kijani yakabubujika kutoka kwenye nati zote nne, yakanuka, yakapungua, yakakauka. Pikapu ikashusha pumzi kama mzigo umeshushwa. Jumamosi iliyofuata wakazika yago huko Shirati, Ajwang akalia mpaka sauti ikamkauka, na diski zikarudishwa ziwani. Venant akaiuza pikapu bila kuringa.

Hadithi ingeishia hapo, kama Otuoma angekuwa amesahau kweli.

Siku ile Owiti alikaa juu ya pedeli mpaka mguu ukafa ganzi. Otuoma aliporudi, shemeji yake alimwambia, akicheka, "Shemeji, pedeli laini hii, inazama." Na Otuoma, macho bado yako kwenye ile rangi nyekundu, alijibu, "Nenda, itajikaza yenyewe njiani." Neno hilo hakulisema chini ya pikapu. Aliona kusahau kunasameheka, na hilo halisameheki.

Jumapili ya pili baada ya maziko walikuwa kanisani, binti yao Princess katikati yao. Waumini waliposimama kuimba, Otuoma hakusimama. Mguu wake wa kulia ulikuwa umekanyaga sakafu, umekanyaga kwa nguvu kiasi kwamba goti lilitetemeka, nao ulikataa kuinuka. Aliuvuta kwa mikono miwili. Ulikuwa wa baridi. Kutoka kwenye kiatu chake, kiatu kikavu alichokipiga kiwi asubuhi, maji yakaanza kutoka, yakapita chini ya benchi yakinuka tope na magamba, yakafika kwenye kandambili ndogo za Princess.

Ajwang aliyatazama maji. Kisha akamtazama mumewe, akainama kumkaribia, na hakuwa na hasira, na hilo lilimuumiza Otuoma kuliko chochote.

"Baba Princess," alinong'ona, "kuna neno ulilobakiza?"

Alijua kwamba kulisema tu kungetosha. Ajwang angelia, angemchukia labda, kisha angemwambia aachie, maana sasa hapakuwa na mwingine wa kumwambia.

"Hakuna," alisema Otuoma.

Na mguu ukakanyaga zaidi.