Saa Saba Kamili

Foleni ya duka la dawa la hospitali ilikuwa imefika mlangoni. Mfamasia alinyoosha mkono wa kulia kupokea cheti kingine, wa kushoto ukiendelea kuandika, bila hata kuinua macho, ndipo aliposikia sauti iliyomkata maini.

"Kiherehere wangu! Kumbe bado unaandika kwa mkono wa kushoto?"

Hakuna aliyemwita hivyo tangu kidato cha sita. Akainua macho. Ni yeye, mpenzi wake wa shule, sasa fundi umeme, ovaroli ya buluu ina vumbi magotini na mvi zimeanza kumchungulia. Miaka kumi na mmoja dada wa watu, koti jeupe limenyooka kwa pasi, amepiga chenga posa tatu nzuri kwa ajili ya mwanamume huyu, akingoja siku atakayorudi.

"Ulininyamazia," mfamasia alimwambia kwa sauti ya chini.

"Mimi? Tulipogombana si tulikubaliana, anayetaka tupatane apige saa saba kamili? Nilipiga siku tisa, mpenzi. Siku zote tisa simu yako inatumika! Nikajua umeshapata bwana."

Uso wa mfamasia ulimshuka.

"Nilikuwa nakupigia wewe," alisema. "Saa saba kamili. Yako ndiyo iliyokuwa inatumika."

Nyuma mzee mmoja alikohoa kwa kukereka. Hawakumsikia. Wajinga wawili hawa, kila mmoja na simu sikioni, walizibiana njia siku tisa, kisha kila mmoja akanuna kivyake. Dakika moja tu ya kuchelewa ingewaokoa, lakini walipendana mno, hakuna aliyethubutu kuchelewa.

"Mungu wangu," fundi alinong'ona. "Mungu wangu, tumefanya nini?"

Mfamasia akakiangalia cheti. Vidonge vya kuongeza damu. Mjamzito, miezi saba.

"Mkeo?"

"Ndiyo. Mtoto wetu wa kwanza."

"Hongera." Akafungasha dawa. "Kimoja kila siku, baada ya kula. Asimezee chai."

Fundi hakuichukua. Aliung'ang'ania ukingo wa dirisha kwa vidole vyote.

"Na wewe, umeolewa? Niambie ukweli. Ukisema hujaolewa, sijui nitafanya nini, wallahi."

Alimaanisha. Macho yake yalikuwa yaleyale ya darasani, hayakuwahi kujua kuficha kitu.

"Nimeolewa zamani," mfamasia alijibu, na akaweza hata kucheka. "Watoto wawili. Yule mdogo ni mtundu, we acha tu!"

Fundi akauachia ukingo wa dirisha. Akachukua mfuko wa dawa.

"Basi msalimie baba watoto," alisema, akaondoka akipasua foleni, mabega yamemlegea.

Msaidizi wa mfamasia, aliyekuwa akipanga chupa kwenye rafu ya nyuma, alimgeukia kwa mshangao.

"Dada! Una watoto tangu lini?"

"Angejua sina angerudi, mdogo wangu," alisema, machozi yakimdondokea kwenye koti. "Na angerudi, ningempokea."