Mitungi Kwenye Viti

Kila siku kabla ya chai, Naliaka aliupeleka mtungi wao kwenye foleni ya mfereji wa umma, bomba la maji la mtaa mzima, akauacha hapo na kurudi nyumbani. Huko Mwihoko ndivyo walivyofanya. Mtungi wako ukiwa kwenye mstari, ni kana kwamba umesimama wewe mwenyewe. Ungeweza kwenda kufua au hata kwenda kazini. Hakuna aliyethubutu kuuruka. Mtungi wa kina Naliaka ulifungwa kitambaa chekundu ambacho mama yake, Nafuna, alikitoa kwenye kiwanda cha nguo alikofanya kazi, kule Ruiru.

Asubuhi moja ya likizo ya shule, Nafuna alitoka akiwa amefura kwa hasira.

"Watu wa ofisi ya maji wanataka kuipa kampuni mfereji wetu, ijipangie bei inavyotaka," alisema akifunga viatu. "Halafu wanaita kikao leo Alhamisi, saa nne, wakijua tuko kiwandani! Hiyo si dharau?" Akampapasa binti yake kichwani, akaondoka mbio asije akafungiwa lango.

Saa nne, hema lilikuwa limesimama kando ya mfereji. Viti vingi vilikuwa vitupu. Waliofika walikuwa wazee wachache, watoto, na Shosho Wamboi, bikizee jirani yao wa mlango wa pili. Mbele walikaa Bwana Gachau, afisa wa maji, na mtu wa kampuni aliyevaa koti jipya.

"Mabomba yameoza, na serikali haina pesa za kuyabadilisha," afisa alieleza. "Kampuni inazo. Anayepinga aseme." Akatazama viti. "Naona hakuna. Basi asiyekuja amekubali."

"Amekubali wapi, wewe kijana?" Shosho alifoka. "Watu wako kazini!"

"Shosho, mimi nahesabu walio hapa."

Naliaka alihisi masikio yakimwaka moto. Akautazama mstari wa mitungi. Si mama yake alikuwa amesimama pale tangu alfajiri? Akaunyakua mtungi wenye kitambaa chekundu, akauketisha kwenye kiti cha mbele kwa kishindo.

"Huyu ni mama yangu," alisema. "Yuko hapa."

Rafiki yake Tabby alicheka, kisha akaleta mtungi wa kwao. Watoto wengine wakafuata, kila mmoja na mtungi wake, hadi foleni yote ikahamia chini ya hema. Lakini viti viwili vya nyuma vilibaki vitupu, navyo vilimkera Naliaka. Akakimbia nyuma ya ploti, ua wa nyumba zao za kupanga, akarudi na mitungi miwili ya zamani.

"We Naliaka! Hiyo si ya kina Marvin?" Tabby alinong'ona. "Si walihama?"

"Na nani atajua? Nyamaza."

Mtu wa kampuni alipita kati ya viti akitabasamu. Akapitisha kidole juu ya mtungi mmoja wa nyuma, kikatoka na vumbi.

"Na huyu mheshimiwa ni nani?"

"Ni Baba Marvin," Naliaka alijibu. "Ako kazini."

"Baba Marvin?" Shosho alishangaa kabla hajafikiri. "Si alihamia Witeithie mwaka jana?"

Yule mtu akapasua kicheko. "Umesikia, Bwana Gachau? Huu wote ni mchezo wa watoto. Tufunge kikao."

Afisa akaanza kuinuka. Naliaka alitamani kumrushia mtu yule mtungi. Lakini ni nani aliyempa sababu ya kucheka? Hasira ikamgeukia yeye mwenyewe, na hapo ikauma zaidi.

"Ngojeni!" alisema. "Nimedanganya. Hii miwili niliitoa nyuma ya ploti." Akaibeba mbele ya wote, akaitoa nje ya hema. "Lakini hiyo mingine ililetwa kwenye foleni leo. Chagua wowote. Shosho atakwambia ni wa nani, umpigie simu."

Afisa alipita kati ya viti. Kisha akagusa mtungi wa manjano usio na mkono.

"Huo ni wa Mbithe," Shosho alisema, na tayari alikuwa akipiga simu, spika ikiwa wazi.

"Shosho, niko kwa mashine, supavaiza ananiangalia!"

"Mbithe, hapa wanasema umekubali mfereji upewe kampuni."

"Nimekubali? Nani amesema?" Hata kelele za cherehani hazikuizima sauti hiyo. "Mwambie aje Jumapili tukitoka kanisani, nimjibu mbele ya macho yake! Aki atanijua!"

Watoto waliangua kicheko. Afisa hakucheka. Aliitazama ile mitungi iliyoketi kimya, akamtazama Naliaka.

"Jumapili, saa tisa," alisema. "Leo hakuna kilichopitishwa."

Jumapili hiyo viti havikutosha. Watu walisema, tena kwa ukali, na Mbithe ndiye aliyeanza. Walikubali kwamba mabomba yameoza, lakini wakakataa mfereji upewe kampuni. Afisa akatangaza kwamba utabaki wa umma, na wakazi wakachagua kamati ya kufuatilia ukarabati.

Jioni, Naliaka na mama yake waliubeba mtungi wao pamoja, kila mmoja upande wake.

"Mama, bado nina hasira."

"Hata mimi, mwanangu. Tena yako ilikuwa ya haki." Nafuna alisimama, akakikaza kile kitambaa chekundu kilichokuwa kimelegea. "Lakini ile mitungi miwili ya uongo ilitaka kutunyang'anya mingine yote ya kweli. Ukisimama kudai haki ya watu, sema kweli peke yake. Inatosha."