Saa Kutoka Milimani

Haya yalimpata Adelina, rafiki yangu wa mtaa wa Thornton Heath. Alirudi kutoka milimani Uswisi, kwenye miji ya kale ya mafundi saa, na saa kuukuu ya kumpa baba yake. Ilinuka. Aliifuta kwa spiriti mara kadhaa, harufu haikutoka. Akaipeleka kwa Alkesh, fundi saa wa mtaa wa Kenton aliyekulia Moshi.

"Jasho la watu tu hilo, dada," Alkesh alisema, akafungua mfuniko. Akainama kupuliza vumbi, kama afanyavyo kwa kila saa.

Kutoka mle ndani, pumzi yenye joto ikampiga usoni, ina uvundo wa nyama iliyooza. Alkesh akatema mate, akaufunga mfuniko haraka.

Mlio wa saa ulikuwa umekoma. Lakini kioo kiliingia ukungu kwa ndani, kikatakata, kikaingia ukungu tena.